Uso wa Kasmir

Guangzhou,
14 Machi 2025

Shemeji yangu Kalista,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Oktoba. Miezi mitano bila barua ni utovu wa adabu, na mtu wa umri wangu hana wa kumsingizia. Nilianza kukuandikia mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa na mafua. Mara tatu zilizofuata sikuwa na mafua.

Barua hii anakuletea Rodrick, mfanyabiashara wa nguo mwenye duka karibu na stendi ya Msamvu. Anaruka kesho kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun. Nimempa pia bomba la karatasi ngumu, na ndani yake mna mabango sita. Tafadhali msilifungue kwa kisu.

Yametoka vizuri. Karakana iko Shahe, ambako wafanyabiashara wetu huchapisha fulana za kupeleka nyumbani. Mwenye karakana ni mama mmoja Mchina wa ukoo wa Luo. Watu wetu wote humwita Laoban, yaani bosi, naye huwaita wote vivyo hivyo, hata mwenye kununua fulana kumi. Nilipompelekea zile skrini saba za kuchapia za marehemu kaka yangu, fremu za mbao zilizowambwa kitambaa, alizigeuza moja moja kwenye mwanga na kupapasa kitambaa kwa ncha za vidole. Alimuuliza Austin, kijana wa Mbeya aliyekuwa akitutafsiria, ni mashine gani iliyokata stensili za picha hizo. Nilimwambia kwamba ni Theophil, kwa wembe wa kunyolea, Keko, mwaka 1972. Akawaamuru wafanyakazi wake wazime redio.

Mabango tumeyatundika katika mgahawa wa Wakongo pale Xiaobei. Yule mhunzi yuko karibu na mlango, mpiganaji wa Majimaji yuko kando yake, na kuli wa bandari yuko juu ya meza ya malipo. Niliogopa kwamba watu watakula tu na kuondoka. Sivyo. Mama mmoja mwenye biashara ya viatu alisimama mbele ya yule msichana anayechana nywele zake, sahani mkononi, mpaka wali ukapoa. Kisha akaniuliza ni nani aliyewachora watu weusi bila kuwafanya waombe kitu. Nikamjibu kwamba ni kaka yangu, na kwamba mkewe, yaani wewe, ndiye aliyesukuma wino.

Bango la saba bado. Kitambaa cha skrini ile kina udhaifu, nami sitaki lichapwe kwa haraka. Utalipata.

Nisalimie mjukuu wetu Dainess, na umwambie ahakikishe unatumia dawa yako ya macho kwa saa zilizoandikwa.

Ni mimi shemeji yako,
Elinami

*

Kihonda, Morogoro,
2 Aprili 2025

Mwalimu,

Mimi ndiye ninayeandika, kwa mkono wangu, ndiyo maana herufi ni kubwa kama za darasa la kwanza. Usizisahihishe. Barua yako amenisomea Dainess, na alipofika kwenye salamu zake akaona haya, maana amezoea wewe kumsalimia kwa kumuuliza maswali.

Mabango yamefika salama. Rodrick alilibeba bomba lile mapajani kama mtoto mchanga tangu Dar. Nimeyatandaza kitandani. Nimeyanusa, lakini wino wa huko haunuki kama wetu. Wetu ulikuwa unaumiza kichwa. Kuli wa bandari nimemjua kwa mabega. Theophil alisema mabega yale ni ya baba yenu.

Sasa nisikilize. Daktari ameniambia ukweli, kwa kuwa nilimtaka aniambie. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona mahali padogo tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazibika. Alisema huenda likafika Desemba, huenda lisifike.

Wewe unakumbuka jinsi nilivyokupa zile skrini. Sita nilikukabidhi mlangoni, tena nikacheka. Ya saba niliifunga kwenye kitenge, nikaifungua, nikaifunga tena, na gari lilikuwa linakusubiri. Ukaniambia, "Kalista, hii nitaishika mwenyewe." Nikakuamini, kwa sababu katika ukoo wenu wewe ndiye usiyejua kusema maneno ya kufurahisha watu.

Ulikuwapo wakati Theophil alipomchora ndugu yangu Kasmir. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umekuja likizo, unatusahihishia maandishi kwenye mabango. Kasmir alikaa siku mbili juu ya pipa la wino, anakula karanga, na kila alipotafuna Theophil alikuwa anamwambia taya limehama. Kasmir akamjibu, "Kaka, chora linavyohama." Siku ya nne akaondoka kwenda Ruvuma kuvuka mto na wenzake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakurudi, wala hakurudi mtu aliyemwona.

Picha yake ya shule mama alizikwa nayo, aliomba mwenyewe. Mabango ya zamani yaliyobaki mchwa waliyamaliza. Kwa hiyo uso wa ndugu yangu uko mahali pamoja tu duniani, nawe ndiye unayepashika.

Sihitaji bango zuri. Kitambaa kikiwa dhaifu kichapwe hivyo hivyo. Nataka kumwona wakati bado kuna tundu.

Kalista

*

Guangzhou,
10 Aprili 2025

Bi. Wangari,

Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu anayekaa mji mmoja nawe. Kutoka kwangu mpaka kisiwa cha vyuo ni safari ya metro isiyofika saa moja. Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulisema nikiwa natazamwa.

Wewe unasomea uchapaji, na ndiwe uliyeniuliza mara mbili, mbele ya watu pale mgahawani, kwa nini mabango ni sita ilhali tangazo la maonyesho lilisema saba. Nilikujibu kwamba kitambaa kina udhaifu. Nilisema uongo. Skrini ya saba haina kitu. Ni nyeupe.

Ilikuwa hivi. Nilimwomba mama Luo achape sita kwanza, na ya saba aiweke kando, kwa kuwa nilitaka kuwapo ikichapwa. Uso ulio juu yake ulikuwa wa Kasmir, ndugu wa shemeji yangu, aliyekwenda vitani Msumbiji na kupotelea huko. Hana picha nyingine. Siku mabango yale sita yalipokamilika nilikwenda peke yangu, Austin akiwa safarini Yiwu. Mama Luo alinipa karatasi. Alizielekezea mkono skrini zilizoegemezwa ukutani, zote saba, akaniuliza jambo. Mimi najua maneno tisa ya Kichina. Ningeweza kutikisa kichwa na kumpigia Austin simu. Wafanyakazi walikuwa wanatazama, nami nilikuwa nimevaa tai, nimetoka kusimamia mtihani wa Kiswahili chuoni. Sikutaka nionekane mzee asiyejua kusoma. Nikaitikia, nikatia sahihi.

Baadaye Austin alinieleza desturi ya pale. Mteja akitia sahihi kwamba kazi imekwisha, karakana huosha skrini zake zote mpaka kitambaa kibaki kitupu, ili asije mtu mwingine akachapa mali yake kwa siri. Ndiyo heshima kubwa wanayoweza kumpa mteja. Wafanyabiashara wetu huchagua karakana kwa kuuliza kwanza kama wanaosha.

Siku ya tatu nilirudi. Mama Luo alinikabidhi skrini saba kwa mikono miwili, vitambaa vyake vimevutwa upya, zimefungwa kwa karatasi mpya na kamba nyekundu. Hakukubali malipo ya kuosha. Nikamshukuru. Sijamwambia mpaka leo, wala sitamwambia, maana yeye hakukosa.

Nimefundisha sarufi miaka thelathini na tisa. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi wasitie sahihi wasichokisoma.

Sasa shemeji yangu anapofuka. Nakuomba unichoree uso wa Kasmir. Nilimwona kwa siku mbili nikiwa na miaka kumi na mitano, nami nina kumbukumbu nzuri. Nitakueleza ulivyo, utauchora, kisha tutauchapa kwa wino mweusi juu ya karatasi ya rangi ya udongo kama mengine.

Wako,
Elinami

*

Kisiwa cha vyuo,
12 Aprili 2025

Mwalimu, shikamoo, kama mnavyosema kwenu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Pole sana. Si pole ya mdomo tu.

Mimi nitachora. Lakini wacha tuelewane mapema, ndio tusije tukakosana. Uso wa mtu aliyepotea vitani si nembo ya fulana. Chini ya bango nitachapa mstari huu, na utakuwa ndani ya kazi yenyewe: "Uso huu umechorwa kwa kumbukumbu, Guangzhou, 2025." Na kabla bango halijatoka China, wewe utamwandikia huyo mama umweleze vile ilivyokuwa. Usipomwambia, hiyo haitakuwa kuchora. Itakuwa kumchezea mama wa watu macho yake ya mwisho.

Najua vile utajibu, utasema mimi ni mkali. Nimefundishwa na walimu kama wewe.

Njoo Jumamosi asubuhi. Utakaa karibu na dirisha, nitakuuliza, utajibu. Nitakuwa ninakuangalia usoni muda wote, na usikasirike, ndivyo ninavyofanya kazi. Mtu akikumbuka mwingine, uso wake husaidia kusema yale mdomo umeshindwa.

Na usivae tai.

Wangari

*

Guangzhou,
9 Mei 2025

Shemeji yangu Kalista,

Bango la saba hili hapa. Analileta Rodrick kama lile la kwanza.

Nilikuwapo lilipochapwa. Karatasi ilipoinuliwa nami nikauona uso ule, niliufahamu mara moja. Nilihisi kama nimeuona jana.

Upande wa chini umepunguzwa kidogo ili bomba lifungike. Usijali.

Nilikusudia kuandika zaidi, lakini Rodrick anaondoka.

Elinami

*

Kihonda, Morogoro,
28 Mei 2025

Shemeji,

Amefika.

Sikumfungua siku ile ile. Nilioga kwanza, nikavaa gauni la kanisani. Dainess akanicheka, akaniuliza kama namsubiri mchumba.

Nimembandika ukutani karibu na dirisha la mashariki, kimo changu. Jicho hili haliwezi kuuona uso wote kwa mara moja, kwa hiyo ninampitia kipande kwa kipande. Siku ya kwanza niliona paji la uso tu, nikatosheka, nikakaa. Siku ya pili nyusi. Juzi nilikuwa kwenye pua. Sina haraka. Kila asubuhi jua likiingia ninavuta kigoda, Dainess ananiachia uji mezani, nami ninamwambia ndugu yangu habari ambazo hakuzisikia. Nimemwambia kwamba wale aliokwenda kuwapigania walipata nchi yao. Nimemwambia mama alikufa lini. Nimemwambia pia kwamba Theophil alijuta kumkalipia kwa ajili ya zile karanga.

Jumapili nimemwombea misa, kwa jina. Miaka yote hii sikuwahi kuiombea roho yake, kwa sababu kuiombea ni kukubali kwamba amekufa. Padre akauliza kama ni marehemu wa karibuni. Nikamwambia ndiyo.

Tangu amefika nalala mpaka alfajiri. Nilikuwa nimesahau usingizi wa namna hiyo.

Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba wewe ni mtu mkavu. Nimeyafuta maneno hayo.

Shemeji yako mwenye shukrani,
Kalista

*

Kihonda, Morogoro,
19 Juni 2025

Elinami,

Leo nimefika kwenye masikio.

Kasmir alikuwa na masikio madogo yaliyolala, kama ya mama yetu. Haya yamesimama, na ndewe zake zimeshikana na shavu. Haya ni masikio ya ukoo wenu. Nimelala kando ya masikio haya miaka thelathini na minane.

Nikarudi kwenye taya. Nikarudi kwenye nyusi. Nikamwita Dainess, yeye anayeona, nikamuuliza mtu huyu anafanana na nani. Akasema, "Bibi, si ndiye babu Theophil wa kwenye picha ya harusi?" Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Alidhani mimi pia ninajua, na kwamba ndiyo maana nimefurahi.

Theophil hakukosea sikio la mtu hata siku moja. Basi hii si kazi yake.

Uso huu umetoka wapi? Na ile skrini iko wapi?

Kalista

*

Guangzhou,
8 Julai 2025

Shemeji yangu Kalista,

Dainess, mjukuu wangu, nakuomba umsomee bibi barua hii yote bila kuruka neno, hata pale utakapoona kwamba unaniaibisha. Ndivyo ninavyotaka.

Shemeji, skrini ya Kasmir ilioshwa mwezi Oktoba. Niliitilia sahihi mimi, kwa kiburi. Nilipewa karatasi nisiyoweza kuisoma, nikaona haya kusema kwamba siwezi. Pale karakana, mteja akisaini, huoshewa skrini zake zote, nami nilikuwa nimesaini. Hakuna aliyenidanganya, wala hakuna aliyezembea. Watu wale walinifanyia adabu.

Skrini yenyewe ninayo. Iko nyuma ya kabati langu ndani ya karatasi waliyoifungia. Nimeifungua mara moja, nikaipeleka kwenye dirisha. Hakuna hata kivuli.

Hiyo ndiyo sababu ya miezi mitano ya kimya. Nilipokuandikia kwamba kitambaa kina udhaifu, nilisema uongo. Nilipokuandikia kwamba bango limepunguzwa ili liingie kwenye bomba, nilisema uongo mwingine, nao ni mbaya zaidi. Bango lilichorwa na Bi. Wangari, Mkenya anayesomea uchapaji hapa, kwa maelezo yangu. Alichapa chini yake mstari uliosema kwamba uso umechorwa kwa kumbukumbu. Mstari ule niliukata kwa mkasi, nyumbani kwangu, kwa rula, ili ukingo unyooke. Alikuwa amenitaka nikwambie ukweli kabla bango halijasafiri. Nilimwitikia kama nilivyomwitikia mama Luo.

Kuhusu masikio. Nilikaa dirishani kwake siku nzima nikimweleza Kasmir, naye akinitazama nikisema. Niliamini kwamba ninakumbuka. Sasa najua kwamba nilikumbuka karanga, na pipa, na sauti ya Theophil akigomba, na katikati ya hayo palikuwa pameachwa wazi. Wangari alipajaza kwa kile alichokiona mbele yake. Nami nilipoyaona matokeo nikafurahi kwamba ninamfahamu mtu yule. Kwa hakika nilimfahamu. Ninamnyoa kila siku.

Barua zako za Mei na Juni nilimpelekea Wangari azisome. Alizisoma zote. Akauliza mstari wake uko wapi, nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Mwalimu, alimwombea misa." Kisha akatoka nje, akaniacha chumbani kwake. Nilisubiri. Hakurudi mpaka nilipokwenda zangu.

Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe kwamba mwezi wa nane anakwenda kwao Nyeri, na kwamba yuko tayari kushuka mpaka Morogoro, kwa nauli yake, akae nawe juma zima au zaidi, umweleze Kasmir wewe mwenyewe, achore na kufuta na kuchora tena mpaka useme basi. Wewe ulilelewa pamoja naye miaka kumi na tisa. Mimi nilimwona siku mbili. Anasema ilipaswa iwe hivyo tangu mwanzo, na kweli ilipaswa.

Mkataba wangu wa kufundisha nimeomba usiongezwe. Nitarudi Januari. Sikuandiki hayo ili unihurumie. Nakuandikia ili ujue nitakuwa wapi utakapotaka kuniambia usilotaka kuliandika.

Sina udhuru. Niliogopa huzuni yako, nikaiandalia kitu cha kuitulizia, na kitu chenyewe kikawa kibaya kuliko huzuni.

Elinami

*

Kihonda, Morogoro,
2 Agosti 2025

Elinami,

Ninasema, Dainess anaandika. Mkono unajua njia lakini jicho haliuoni mstari.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza Dainess aliruka mahali, nikamsikia akiruka, nikamrudisha.

Skrini nimekusamehe. Skrini ni mbao na kitambaa, hata mimi ningeweza kuiangusha. Kwa wembe ule ule Theophil mwenyewe aliwahi kuchana kitambaa kizima, akakaa kimya siku tatu, na yeye alikuwa fundi. Ungeniandikia Oktoba, "Kalista, nimempoteza," ningelia, ningekutukana, na yangekwisha kabla ya Krismasi. Ule mkasi sijakusamehe. Nikiweza nitakwambia.

Kumwombea misa sijuti. Nimemuuliza padre kama misa inaharibika mtu akiwa amemwangalia mtu mwingine. Akasema Mungu hahitaji picha. Nikamwambia mimi ninaihitaji.

Bango nimeliacha ukutani. Majirani wanafikiri nitalichana. Huyu ni mume wangu akiwa kijana, hana kosa, na ukiacha ile ya harusi sina picha yake nyingine ya umri ule. Nimekigeuza kigoda tu. Asubuhi nakaa nimempa mgongo.

Yule Wangari amenipigia simu. Ana sauti nzuri, na hajui kuomba msamaha kwa maneno mengi, nimempenda kwa hilo. Akanieleza atakavyofanya kazi. Akasema nianze kujizoeza: nimwambie Dainess uso wa Kasmir kila siku kidogo kidogo, Dainess aandike, ili akifika tuwe na mahali pa kuanzia.

Tumejaribu, Elinami. Tulianza Jumatatu. Nilifumba macho nikasema, andika, macho yake yalikuwa hivi. Na aliyekuja ni yule wa ukutani. Nikasema, hapana, futa, tuanze na mdomo. Akaja yule yule. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano nilitoka nje nikakaa uani, nikadhani ukuta ndio unaonivuta, lakini huko nje pia alinifuata.

Miaka hamsini na mitatu sikuwa na picha ya ndugu yangu, lakini niliposikia mtu anakula karanga alikuwa anakuja mwenyewe, na alikuwa yeye. Sikujua kwamba ninamwona, kwa sababu sikuwa na haja ya kumtazama. Ule mwezi wa kumtazama ndio ulioniondolea. Sasa karanga zikitafunwa, anageuka, na ana masikio yenu.

Hayo sijamwambia Wangari. Nakwambia wewe kwa sababu ni yako kuyajua.

Yamebaki mambo machache. Najua kwamba masikio yalikuwa madogo. Najua kwamba akicheka alikuwa anashusha kidevu. Jino moja la mbele lilipanda juu ya jingine, la kulia juu ya la kushoto, au la kushoto juu ya la kulia. Kwa haya msichana mwenye ujuzi anaweza kutengeneza uso. Nitakuwa na mtu wa kumtazama kwa miezi iliyobaki, na sitajua kamwe ni nani. Au nimwambie asije. Basi nitaingia gizani bila uso wa ndugu yangu, lakini pale palipokuwa pake hapatakuwa pamekaliwa na mtu mwingine wa tatu. Dainess anasema nimruhusu. Dainess ana miaka ishirini na mbili, anaona mpaka milima ya Uluguru.

Wangari anafika Nairobi tarehe ishirini. Nimemwomba asikate tiketi ya basi kwanza. Akasema atasubiri, hata ikiwa mpaka siku ya mwisho ya likizo yake.

Usinishauri. Usimtume Rodrick aje kunisemesha. Nipe siku zangu. Nikiwa nimekata shauri, iwe ndiyo au hapana, nitakuandikia.

Kalista